Usiku Mmoja Kwenye Mji wa Mizabibu

Semina yetu ya Cape Town iliisha Alhamisi saa saba mchana. Ndege yangu ilikuwa Ijumaa alasiri. Hapo katikati palibaki usiku mmoja ambao haukuwa wa ofisi wala wa mtu mwingine yeyote. Wenzangu walipanga kwenda madukani. Mimi tangu siku niliyoletewa barua ya safari nilishajua usiku ule naupeleka kwenye mizabibu. Lililobaki ni kuamua nilale mji gani.

Nieleze kwanza kwa nini mtu wa Dodoma aende mpaka Afrika Kusini kutazama zabibu, kana kwamba kwao hakuna. Nimezaliwa Mpunguzi, ukitoka Dodoma mjini kwa barabara ya Iringa. Mama yangu analima zabibu ekari moja na nusu, na zabibu hizo ndizo zilizonisomesha. Utotoni kazi yangu ilikuwa kuokota matawi nyuma yake akishapogolea, na kubeba maji ya kuchanganyia dawa ya ubwiri. Kwetu tunavuna mara mbili kwa mwaka, mwezi wa pili hadi wa tatu, kisha tena mwezi wa nane hadi wa tisa, maana mzabibu wa Dodoma haupati baridi ya kuulaza. Ukiupogolea tu, unaamka. Wazee wanawataja wamisionari Wakatoliki wa Bihawana, miaka ya 1950, kuwa ndio waliopanda mizabibu kwa ajili ya divai ya misa. Serikali ikaingia baadaye, wakulima wadogo wakafuata, na leo ukisema zabibu Tanzania umesema Dodoma.

Lakini si watu wengi wanaotoka mbali kuja kulala Dodoma usiku mmoja kwa sababu ya mizabibu. Kule Cape wanakuja kwa maelfu. Nilitaka kuona wenzetu wamefanyaje, na nilitaka kuona kwa macho ya mtu aliyewahi kushika mkasi wa kupogolea.

Miji inayotajwa na kila mtu ni mitatu: Stellenbosch, Franschhoek na Paarl. Ukiitazama kwenye ramani imekaa kama mafiga, na mlima Simonsberg uko katikati kama chungu. Stellenbosch ni kilomita 50 hivi kutoka Cape Town, Paarl inazidi kidogo, na Franschhoek ndiyo ya mbali zaidi, imejificha ndani kabisa ya bonde, milima imeizunguka pande tatu. Yote ina mashamba mazuri na mvinyo mzuri. Kwa hiyo ukimuuliza mtu akuchagulie, atakutajia ule alioupenda yeye, na utaondoka bila kujua kwa nini.

Mimi nimewahi kuchagua vibaya, na kosa hilo ndilo lililonifundisha. Miaka mitatu kabla ya safari hii nilipata nafasi kama hii, usiku mmoja vilevile, nikaenda Franschhoek. Niliichagua kwa picha. Na picha hazikudanganya. Mji ule ni mzuri kiasi cha kumfanya mtu anyamaze. Barabara kuu moja, nyumba nyeupe, na mwisho wa barabara lipo lile kumbukumbu la Wahuguenoti, Waprotestanti waliokimbia mateso ya Ufaransa na kuanza kufika Cape mwaka 1688. Jina la mji maana yake ni kona ya Wafaransa. Kabla yao Wadachi waliiita kona ya tembo, kwa sababu tembo walikuwa wakipita bondeni humo, na jina hilo la zamani nalipenda zaidi.

Nilifika saa kumi jioni. Nilikuwa nimesoma habari za tramu ya mvinyo, ile iliyoanza 2012, inayowachukua wageni ikiwashusha shamba hadi shamba. Nikakuta inakaribia kurudi kituoni. Watu waliokuwa wameipanda asubuhi ndio walikuwa wanashuka, nyuso zimewaiva kwa jua na furaha. Vyumba vya kuonjea vilikuwa vinafunga saa kumi na moja. Nikasema basi, nitakula vizuri, maana mji unasifika kwa chakula. Mlango wa kwanza niliambiwa pamejaa, wa pili pamejaa, wa tatu binti mmoja aliniuliza kwa upole kama nimeweka nafasi, na nilipomwambia sikuweka alinitazama kwa huruma ya kweli. Usiku ule nilikula biskuti nilizokuja nazo kutoka hotelini Cape Town. Asubuhi gari lililonifuata lilifika saa tatu, kabla chumba chochote cha kuonjea hakijafunguliwa. Nikaondoka nimelipia kitanda cha bei kubwa kuliko vyote nilivyowahi kulalia, na mizabibu nimeiona kupitia kioo.

Siisemi vibaya Franschhoek. Mwenye siku nzima, aliyeweka nafasi ya chakula mapema, aliyefika saa tatu asubuhi akapanda ile tramu, huyo atafurahi na nitamwonea wivu. Ila mtu huyo hajaenda kulala usiku mmoja. Ameenda kwa siku nzima na usiku wake.

Tangu siku ile nimekuwa nikihesabu saa. Mtu anayefika mchana na kuondoka kesho yake mchana anadhani ana siku nzima. Alichonacho ni jioni moja na asubuhi moja. Mashamba mengi yanafunga kuonjesha saa kumi na moja jioni, na kufungua kesho yake saa nne. Hizo ni saa kumi na saba ambazo hakuna atakayekumiminia kitu. Saa hizo kumi na saba ndizo unazozilipia unapolipia kitanda, kwa hiyo mji uuchague kwa namna unavyoishi wakati mashamba yamefungwa. Kuna mwanga wa barabarani? Kuna mtu mwingine anayetembea zaidi ya mgeni? Unaweza kula bila kuwa umepiga simu wiki mbili kabla? Na muhimu kuliko yote, unaweza kurudi kitandani kwa miguu?

Hilo la miguu nalisema kwa uzito. Sheria ya Afrika Kusini inaweka kikomo cha gramu 0.05 za pombe kwa kila mililita 100 za damu ya dereva, na mtu mwembamba kama mimi glasi mbili zinamfikisha hapo. Watu wanakodi gari uwanja wa ndege kwa sababu barabara ni nzuri na wanaendesha kushoto kama sisi, halafu wanaonja shamba la kwanza, la pili, la tatu. Milima ile ina kona. Kama una usiku mmoja tu, gari la kukodi ni mzigo. Utakaa unaonja huku unahesabu.

Nikaifikiria Paarl. Kwa kweli moyo wangu ulikuwa nusu umeshakwenda huko, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ule mlima. Mwaka 1657 Mdachi aitwaye Abraham Gabbema aliyaona majabali yake yakimeremeta baada ya mvua, akayaita almasi na lulu, na lulu ndiyo jina lililobaki. Sisi tuliokulia Dodoma katikati ya majabali tunajua anachosema. Jabali likishanyeshewa, jua likatoka, linang'aa kama limepakwa mafuta. Sababu ya pili ni lugha. Paarl ndiko walikokutana mwaka 1875 watu walioanzisha chama cha kutetea Kiafrikana, lugha iliyotokana na Kidachi, na mwaka 1975 ukafunguliwa mnara mkubwa wa lugha hiyo juu ya mji. Niliutembelea ule mnara safari ya kwanza, nikarudi na neno rohoni. Muda mrefu kabla ya wale mabwana wa 1875 kufanikiwa, walimu wa madrasa wa Cape Town, watoto wa watumwa waliotoka Mashariki ya mbali, walikuwa tayari wanaiandika lugha hiyo kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wa Pate na Lamu walivyokuwa wakiandika Kiswahili. Mtu wa Kiswahili akisimama pale juu ana haki ya kulikumbuka hilo.

Paarl pia ndipo makao ya KWV, kampuni iliyoanza 1918 kama ushirika wa wakulima wa zabibu, wakati bei ya mvinyo ilipokuwa imeanguka vibaya. Baadaye serikali ikaupa mamlaka ya kupanga bei. Ulikuwa mfumo wa wazungu kwa manufaa ya wazungu, na ulishaondolewa. Lakini mimi ni binti wa mtu ambaye bei ya kilo anaisikia mnunuzi anaposhuka garini. Mwaka mmoja nikiwa kidato cha tatu mnunuzi hakuja kabisa, vichala vikawa zabibu kavu juu ya mti, nyuki wakala karamu, na mimi nikarudishwa nyumbani kwa ada. Nikisoma kwamba kuna mahali wakulima wa zabibu waliwahi kukaa mezani na kusema bei haitashuka chini ya hapa, siwezi kusoma nikapita tu.

Basi kwa nini sikulala Paarl? Barabara kuu yake ina urefu wa kilomita zaidi ya kumi. Mji umejinyoosha kando ya mto kama kamba ya kuanikia nguo, na bila gari utabaki kwenye kipande kimoja chake. Kwa siku tatu ningeichagua hiyo bila kusita. Kwa usiku mmoja, hapana.

Ikabaki Stellenbosch. Ilianzishwa na Simon van der Stel mwaka 1679, ikabeba jina lake, na mwaka 1918 chuo chake kikawa chuo kikuu. Hicho chuo ndicho kilichonipa jibu. Mji wenye wanafunzi maelfu hauwezi kulala saa kumi na mbili. Wanafunzi wanataka chakula cha bei nafuu, wanataka kahawa saa nne za usiku, wanatembea kwa makundi, na mgeni anatembea katikati yao bila kuonekana mgeni. Juu ya hayo mji ni mdogo, umebanana, na mizabibu inaanzia pale nyumba zinapoishia.

Nilishuka kwenye teksi saa tisa na nusu, nikaacha begi kwenye nyumba ya wageni ya vyumba sita karibu na Dorp Street, na saa kumi nilikuwa nimekaa kwenye chumba cha kuonjea cha shamba la pembeni mwa mji. Nilikuwa nimepanga shamba moja tu. Hili nalo nalishauri kwa moyo wote. Kwa saa moja iliyobaki kabla ya kufunga, shamba moja linatosha. Glasi tano, kila moja kidogo tu chini kabisa, na chombo cha kutemea mezani. Kutema si utovu wa adabu pale. Wenyewe wanaotengeneza wanatema.

Nikaomba niletewe Chenin Blanc kwanza. Wao zamani waliiita Steen, na ndiyo zabibu inayolimwa kwa wingi kuliko nyingine nchini mwao. Mama naye ana mistari minne ya Chenin Blanc. Nilipoinua glasi nilikuwa natafuta harufu ya nyumbani, na niliipata kwa nusu: lile tunda kama pera bivu lilikuwepo, ila nyuma yake kulikuwa na ukali safi, ukali wa ndimu, ambao zabibu yetu ya jua kali huwa inaupoteza kabla hatujavuna. Kijana aliyekuwa anatuhudumia aliniambia ni kwa sababu usiku wao una ubaridi na upepo wa bahari unafika. Sukari inapanda taratibu, ukali unabaki. Nilimsikiliza kama mwanafunzi. Kwetu sukari inakimbia.

Ya tatu ilikuwa Pinotage, na hii ina historia ya pale pale mjini. Mwaka 1925 profesa wa chuo, Abraham Izak Perold, alichavusha zabibu ya Pinot Noir kwa ile ya Cinsaut, ambayo wenyeji waliiita Hermitage, akapata mbegu nne. Akazipanda kwenye bustani ya nyumba yake ya kazi, kwenye shamba la majaribio la Welgevallen. Kisha akahamia kazi nyingine Paarl, bustani ikaota majani, na miche ile ingefyekwa kama mhadhiri kijana, Charlie Niehaus, asingepita akaitambua. Zabibu nzima ya taifa ilisalimika kwa sababu mtu mmoja alijua anachokitazama kwenye magugu. Niliwafikiria watafiti wetu wa Makutupora, na miche yao, na magugu.

Saa kumi na moja tukaondoshwa kwa upole. Na sasa ndipo usiku wangu ulipoanza, badala ya kuisha kama ule wa Franschhoek.

Jua la mwezi wa pili kule linazama baada ya saa moja, kwa hiyo nilikuwa na saa mbili nzima za mwanga. Nikatembea Dorp Street kutoka juu hadi chini. Mialoni mikubwa pande zote, nyumba nyeupe zenye paa la nyasi na paji la mbele lililopinda, na pembeni mwa barabara mfereji mdogo wa mawe wenye maji yanayokimbia. Nilichutama nikatia mkono. Maji ya baridi, yametoka mlimani, yanapita mbele ya milango ya watu. Mtoto wa Dodoma ukimwonyesha maji yanayokimbia barabarani bure, atakaa kidogo.

Chakula nilikula kwenye mgahawa uliojaa wanafunzi. Niliagiza bobotie: nyama ya kusaga iliyotiwa bizari na zabibu kavu, juu yake yai limemwagwa na kuokwa, pembeni wali wa manjano. Ni chakula kinachohesabiwa kuwa cha Waislamu wa Cape, na mtu wa Pwani akikila amefumba macho atajua mkono uliokipika una undugu na bahari yetu. Zabibu kavu ndani ya nyama! Nilimtumia mama picha. Akajibu, "Hizo zabibu wamezikosea wapi mpaka zikaingia kwenye mboga?"

Saa tatu nikarudi kulala kwa miguu, mwendo wa dakika kumi na mbili, taa zinawaka, vijana wawili mbele yangu wanabishana kwa Kiafrikana. Sikumwita dereva, na sikuhitaji kuhesabu glasi.

Ningeishia hapo, hii ingekuwa sifa ya mji mzuri. Lakini nilikuwa nimeweka asubuhi yangu kwa ajili ya jambo jingine. Nyumba yangu ya wageni ilinisaidia kuomba ruhusa shamba moja la dakika ishirini na tano kwa miguu, nikaangalie uvunaji. Wao wanavuna mara moja kwa mwaka, kuanzia mwisho wa Januari mpaka Machi au hata Aprili, na wanaanza alfajiri ili zabibu ziingie kiwandani zikiwa bado na ubaridi. Nilifika saa kumi na mbili, umande ukiwa kwenye majani. Watu kama thelathini walikuwa wameshaingia kwenye mistari, wengi wao akina mama wa makamo, vilemba kichwani, kreti miguuni. Sauti ile niliijua kabla sijawaona: kichi, kichi, kichi, na kreti ikiburuzwa.

Msimamizi wao alikuwa mama wa umri wa mama yangu. Nilimwita Auntie, kama wanavyowaita wakubwa wao huko. Akaniuliza natoka wapi, na nilipomwambia kwetu tunalima zabibu alisimama. "Tanzania? Zabibu?" Akanipa mkasi. Nikaweka kiganja chini ya kichala, kama nilivyofunzwa, nikageuza kidogo kuona kikonyo, nikakata kwa juu, nikakiangalia chini kama kuna punje zilizooza, nikakilaza kwenye kreti bila kukitupa. Alikuwa ananitazama mikono, hanitazami usoni. Akasema, "Wewe umekata zabibu." Nimesifiwa ofisini mara kadhaa katika maisha yangu, na sikumbuki sifa iliyoniingia hivyo.

Tulikata pamoja mstari mmoja. Katika mstari huo alinieleza habari ya baba yake. Baba yake alizaliwa shambani na kufanya kazi shambani, na sehemu ya ujira wake alilipwa kwa mvinyo, kikombe cha bati asubuhi, kingine mchana, kingine jioni. Wenyewe waliita dop. Mtu alikuwa anakunywa mshahara wake kabla hajafika nyumbani. Sheria ilikuja kuupiga marufuku utaratibu huo, lakini mashamba mengine yaliendelea nao miaka mingi, na mpaka leo mkoa ule ni miongoni mwa sehemu zenye watoto wengi kuliko kwingine duniani walioathiriwa tumboni kwa pombe. Auntie alikuwa na miaka tisa baba yake alipofariki. Yeye hajawahi kuonja anachokivuna. Aliniambia hayo bila kuacha kukata.

Karibu na ghala la zamani la shamba hilo ipo kengele, imening'inia kati ya nguzo mbili nyeupe. Wageni wanapiga picha chini yake, na hata wachumba. Ni kengele ya watumwa. Ilikuwa inawaamsha na kuwapeleka mistarini. Waliletwa kutoka India, visiwa vya Indonesia, Bukini (yaani Madagaska), na pwani ya Msumbiji. Hawa wa Msumbiji walipewa hata jina lao, Mozbieker. Ni pwani yetu hii hii, ukishuka Mtwara ukavuka Ruvuma. Utumwa ulifutwa Cape mwaka 1834, wakalazimishwa kuendelea kufanya kazi kwa mabwana wao miaka minne mingine, wakaachiwa Desemba 1838. Mvinyo wa kwanza wa Cape ulikamuliwa 1659. Kwa hiyo karibu miaka mia moja na themanini, mikono iliyokata vichala vile ilikuwa mikono ya watu walionunuliwa. Nilisimama pale nikasema sala fupi kwa Kigogo, kwa sababu ndiyo lugha niliyofundishwa kusali.

Na mji wenyewe, ule wenye mialoni, una sehemu iliyong'olewa. Karibu na chuo palikuwa na mtaa ulioitwa Die Vlakte, watu wapatao 3,700, wenye shule zao, makanisa yao, msikiti na sinema. Mwaka 1964 serikali ya ubaguzi ilitangaza kwamba eneo hilo ni la wazungu, wakahamishwa kwenda Cloetesville na Idas Valley. Majengo kadhaa ya chuo yamesimama pale leo. Auntie anatoka Idas Valley. Sikumuuliza zaidi.

Dereva aliyenichukua saa tano kunipeleka uwanja wa ndege alikuwa Mxhosa anayeishi Kayamandi, ng'ambo ya reli. Nilimuuliza jina hilo maana yake nini. Akasema ni nyumbani pazuri, nyumbani patamu. Nikamwambia kwetu nyumba na waliomo tunaita kaya. Akageuka kabisa kunitazama, taa zikiwa nyekundu. "Kaya?" "Kaya." Tukaishika hilo neno mpaka uwanja wa ndege, kama dakika thelathini na tano, tukitafuta mengine. Tulipata maji, amanzi. Tulipata watu, abantu. Tulipata tatu, thathu. Kayamandi inaonekana kutoka barabarani, mabati yamepanda kilima, na mizabibu inafika mpaka kwenye uzio wake.

Hayo yote nisingeyapata kupitia kioo. Niliyapata kwa sababu nililala mji ambao niliweza kuutembea, na ambao watu wanaovuna wanaishi ndani yake au pembeni yake tu, mtu anaweza kukutana nao asubuhi.

Tangu nirudi nimekuwa nikiipima Dodoma kwa kipimo hicho hicho. Treni ya umeme ya kutoka Dar, tangu ilipoanza 2024, imeufanya usiku mmoja uwezekane kabisa: unapanda mchana, jioni uko Dodoma. Usiku wa Dodoma una watu, una nyama choma, una wanafunzi vilevile. Kinachotukwamisha ni kwamba kitanda kiko mjini na mizabibu iko Hombolo, Makutupora, Mpunguzi, na hakuna mtu aliyemwambia mgeni apite wapi. Nimemwambia mama kwamba ekari yake moja na nusu iko dakika chache kutoka barabara ya lami. Ameniuliza mgeni huyo atakaa wapi, na nikakosa jibu la haraka, nalitafuta.

Kabla ya uwanja wa ndege nilimwomba dereva tusimame duka la pembejeo. Nilinunua mkasi wa kupogolea, mishikio myekundu, chuma kizito, nikauweka kwenye begi kubwa. Jumamosi ya wiki iliyofuata nilikuwa Mpunguzi. Mama aliupima uzito mkononi, akaufungua, akaufunga, akaenda kwenye mzabibu wa kwanza karibu na nyumba na kukata kijiti kikavu. Akakitazama kidonda cha mti. Kilikuwa safi, hakikupasuka.

Nilimhadithia yote akiwa bado amesimama pale. Mfereji wa maji, kengele, kikombe cha bati. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja.

"Huyo mwenzangu, analipwa kwa kreti au kwa siku?"

"Sikumuuliza, mama."

"Ukirudi, muulize," akasema, na akaingia mstari wa pili na mkasi wake.